Nyumba ya mwisho kabla ya msitu: jamii ifanyeje wanyama wa porini wanapoingia makazi

Mwanzoni mwa Desemba 2022, katika mji mdogo wa Katwe-Kabatoro wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, kiboko alimdaka mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akicheza nyumbani kwao, kiasi cha mita 800 kutoka Ziwa Edward, akammeza nusu ya mwili. Mtu mmoja aliyekuwa karibu alimshambulia mnyama huyo kwa mawe hadi akamtema mtoto na kurejea majini. Polisi walitoa taarifa, mtoto akatibiwa akapona, na habari hiyo ikazunguka dunia kama kioja. Kwa wakazi wa Katwe kioja kilikuwa kule kutemwa tu. Kiboko kufika karibu na nyumba si jambo geni kwao, kwa sababu mji wao wa chumvi na uvuvi umezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na ulikuwepo kabla hifadhi hiyo haijatangazwa mwaka 1952.

Kioja kikishapita, swali gumu hubaki: jamii ifanye nini wanyama wa porini wanapozoea kuingia makazi ya watu? Majibu yanayosikika barazani huwa mawili, na kila moja lina wafuasi wake wakali. Kuna wanaosema mnyama aliyevuka mpaka auawe, na kuna wanaosema watu ndio waliomwingilia mnyama, hivyo wavumilie. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinamtazama mnyama na kuisahau ramani: amepita kwa nani, alikuwa akifuata nini, na hasara imeangukia nyumba gani. Tukianza na ramani, tunaona kwamba kijiji hakivamiwi chote kwa pamoja. Huvamiwa nyumba ya mwisho kabla ya msitu, na mengi yanayoitwa mgogoro wa jamii na wanyama ni nyumba hiyo kuachwa ipambane peke yake.

Kilichomwita

Tuanze mbali kidogo, kwa mnyama ambaye Uganda haina. Afrika nzima haina dubu wa porini tangu dubu wa milima ya Atlas, kule kaskazini kabisa mwa bara, alipotoweka katika karne ya 19. Lakini nchi zenye dubu zimehangaika na swali hili kwa muda mrefu, na zimeyalipia majibu yake. Katika mji wa Durango, jimbo la Colorado nchini Marekani, watafiti waligawa katika baadhi ya mitaa mapipa ya taka ambayo dubu hawezi kuyafungua, kisha wakailinganisha na mitaa iliyobaki na mapipa ya kawaida. Matukio ya dubu kufukua taka na kusumbua watu yalikuwa pungufu kwa asilimia 60 hivi kule kwenye mapipa mapya. Bunduki haikuhitajika ili kupata matokeo hayo. Japani imeonja upande wa pili. Vijiji vingi vya kaskazini vimebaki na wazee, miti ya matunda imebaki bila wa kuichuma, na mwaka ambao miti ya msituni haizai mbegu za kutosha dubu hushuka hadi mitaani. Mwaka 2025 hali katika mkoa wa Akita ilifikia hatua ya wanajeshi kutumwa kusaidia kazi ya mitego.

Pipa lisilofungwa na mti usiochumwa: dubu aliitwa na vitu hivyo. Magharibi mwa Uganda mwitaji mkubwa ni fenesi.

Katika ukanda wa Hoima, Kagadi na Masindi kulikuwa na vipande vingi vya msitu vilivyokuwa mali ya familia, na humo sokwe mtu waliishi jirani na watu kwa vizazi. Vipande hivyo vimekatwa kimoja baada ya kingine kupisha tumbaku, mpunga, mahindi na miwa. Sokwe waliokuwa wakiishi kwa tini pori na matunda mengine wakabaki katika vichaka vyembamba vya kando ya mito, wamezungukwa na mashamba kila upande. Sokwe hawezi kuishi kwa nyasi kama ng'ombe. Akikosa tini atatafuta embe, papai, ndizi, muwa, na juu ya yote fenesi, tunda ambalo lenyewe ni mgeni kutoka Asia na ambalo sokwe walilazimika kujifunza kulila. Wamejifunza vizuri mno. Wanaijua miti ya kila boma na msimu wake pengine kuliko mwenye boma.

Mwaka 2014, katika kijiji cha Kyamajaka, sokwe alimnyakua mtoto mdogo wakati mama yake alipokuwa shambani, na mtoto akafa. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani ni ajali isiyoweza kurudiwa. Sivyo. Mashambulizi ya aina hiyo yametokea pia katika vijiji vingine vya ukanda huo, na karibu yote yana sura moja: mtoto mdogo, shambani au njiani kwenda chemchemi iliyo kichakani, na mtu mzima ambaye amegeuka kwa muda tu. Ukishaiona sura hiyo unaelewa kwa nini mradi wa uhifadhi unaofanya kazi Bulindi, karibu na Hoima, ulianza kuchimba visima. Kisima kijijini hakimgusi sokwe hata kidogo, lakini kinaondoa safari ya kila siku ya mama na mtoto kwenda kuteka maji mahali ambapo sokwe hupumzika. Mradi huohuo umesaidia karo za shule, na hapo pia pana hesabu inayoeleweka na kila mzazi wa Uganda: mwenye kipande cha msitu huuza miti Januari kwa sababu shule zinafunguliwa Februari. Kwake mti ni akiba ya benki. Mtu akitaka msitu usimame, akiba hiyo lazima ipate mbadala, na miche ya miti ya kuni na mbao iliyopandwa kando ni sehemu ya mbadala huo.

Tembo ni hesabu tofauti. Tembo mzima huhitaji kiasi cha kilo 150 za chakula kwa siku, na humaliza sehemu kubwa ya muda wake akitafuna nyasi na magome yenye lishe haba. Shamba la mahindi yanayokaribia kukomaa ni chakula kingi, laini, chenye sukari, kilichopangwa kwa mistari. Madume ndio hujaribu zaidi, tena usiku, na wakifaulu mara moja hurudi. Katika miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na tembo wapatao 30,000. Ujangili na vita viliwapunguza hadi 2,000 hivi katika miaka ya 1980, na sensa ya 2014 ikahesabu zaidi ya 5,000. Watu nao waliongezeka kutoka milioni 9.5 mwaka 1969 hadi milioni 45.9 mwaka 2024. Maana yake ni kwamba wako wakulima waliofungua mashamba yao mpakani wakati tembo walikuwa karibu kwisha, wakazeeka humo, na sasa wanawaona wakirudi. Mzee anayesema "hapa hapakuwa na tembo" hasemi uongo. Anakumbuka kimya cha miaka mingi ambacho hakikuwa cha kawaida, na sera inayomwambia kwamba alijenga kwenye njia ya tembo kwa ukaidi haimtendei haki.

Kwa simba, chui na fisi kinachoita ni mifugo, na wakati mwingine mbwa. Kwa tumbili wa Entebbe ni jikoni na majalala, na kwa korongo wale wa vipara wanaoitwa kalooli, walioigeuza Kampala kuwa makao yao, ni taka za masoko na machinjio. (Mji mkuu wenyewe, inavyosimuliwa, ulipata jina kutokana na swala pala waliokuwa wakilisha kwenye vilima vyake. Swala wamekwenda, jalala limeleta warithi.) Mamba na kiboko wako pembeni kidogo ya hoja hii, kwa kuwa mara nyingi mtu ndiye anayewafuata majini; dawa yao inayojulikana ni maji ya bomba au kisima ili mtu asilazimike kuchota ziwani, na kutotembea kando ya ziwa usiku, wakati kiboko yuko malishoni.

Saa ya kwanza

Mnyama akishaingia, mambo mengi huamuliwa na watu wanavyokusanyika. Chui aliyepotea njia akajibanza chini ya ghala kwa kawaida anangoja giza atoke. Watu mia wakimzunguka kwa mapanga na simu za kupigia picha, hana pa kutokea isipokuwa katikati yao, na hapo ndipo watu hujeruhiwa. Kazi ya kwanza ya mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, kabla hata ya kupiga simu kwa askari wa wanyamapori, ni kuwaondoa watu na kuuacha wazi upande mmoja, ule unaoelekea porini. Watoto waingie ndani, mbwa wafungwe kwa kuwa mbwa aliyemchokoza mnyama hukimbilia kwa bwana wake akiwa amefuatwa, na mtu mmoja tu, anayejulikana, awe ndiye anayewasiliana na walinzi wa hifadhi. Kijiji kinachongoja siku ya tukio ndipo kiamue mtu huyo ni nani kimeshachelewa.

Kila mnyama ana adabu yake. Mbele ya sokwe, mtu mzima asikimbie, amshike mtoto, ajikusanye na wenzake na kurudi nyuma polepole, kwa sababu sokwe hupima ukubwa wa anayemkabili na mtoto aliyeachwa peke yake ndiye anayeonekana mdogo. Mbele ya tembo mtu asisogee kabisa kumfukuza akiwa peke yake, wala asimulike tochi usoni mwake kutoka karibu. Wanaume waliotoka kunywa wakaamua kuwarushia sokwe mawe wamechangia sehemu yao katika uadui huu, ingawa jambo hilo halisemwi mikutanoni kwa sababu wanaoendesha mikutano ni wanaume.

Saa za hatari zinajulikana: alfajiri na magharibi. Mwezi Mei 2018, huko Mweya ndani ya Queen Elizabeth, chui alimchukua jioni mtoto wa miaka mitatu, mwana wa mlinzi wa hifadhi, kwenye makazi ya wafanyakazi yasiyokuwa na uzio. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu mara nyingi wanavijiji huambiwa kwamba wangekuwa na elimu wasingepatwa. Pale palikuwa na elimu yote inayopatikana nchini kuhusu chui, na kilichokosekana kilikuwa uzio.

Baada ya saa ya kwanza hufuata kelele za "njooni mchukue wanyama wenu". Ombi la kumhamisha mnyama linaonekana la busara, kwani haliui mtu wala mnyama, lakini kwa wanyama wanaokula nyama lina historia mbaya. Katika eneo la Junnar, jimbo la Maharashtra nchini India, mwanzoni mwa miaka ya 2000 chui wengi walinaswa mashambani na kuachiwa misituni mbali na hapo. Mashambulizi dhidi ya watu hayakupungua, yaliongezeka. Chui aliyehamishwa huanguka katika eneo asilolijua ambalo tayari lina mwenyewe, hutangatanga, na njaa humsogeza kwa watu wa kijiji kingine. Kuhamisha kunafaa kwa mnyama aliyekwama kweli, kama yule aliyetumbukia kisimani au aliyetekwa na kufugwa, na kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe hupokea wengi wa aina hiyo. Kama sera ya kila siku, ni kumpa jirani tatizo lako.

Wastani unaoficha

Watafiti waliofanya kazi kandokando ya msitu wa Kibale katika miaka ya 1990 waligundua kwamba mashamba yaliyo ndani ya mita 500 kutoka ukingo wa msitu yalipoteza kwa wastani asilimia 4 hadi 7 ya mazao kwa msimu. Tarakimu hiyo ikisomwa ofisini Kampala inaonekana ya kuvumilika, pengine chini ya kile kinachochukuliwa na ukame au viwavi. Lakini hasara haikugawanyika hivyo. Wengi walipoteza kidogo sana, na wachache, hasa wale wanaogusana na msitu, waliamka wakakuta shamba zima la mahindi au la mihogo limekwisha. Nyumba ya mwisho ikilinda vizuri, majirani wa nyuma yake hulala usingizi na kusema kwamba wanyama si tatizo kubwa siku hizi. Ikichoka na kuhama, mstari wa pili unakuwa wa mwisho.

Ulinzi wenyewe una gharama ambayo haiingii katika takwimu za mazao. Nyani na tumbili huja mchana, hivyo watoto hukosa masomo wakifukuza. Tembo na nguruwe pori huja usiku, hivyo baba hulala kibandani shambani na mbu. Wenye fedha huajiri mlinzi au huacha mahindi wakapanda chai na mikaratusi, mimea ambayo wanyama hawa hawaipendi. Maskini wa mstari wa mwisho hana miaka mitatu ya kungoja chai ikue, wala eneo la kutosha, kwa hiyo anapanda kile anachokula, ambacho ndicho hasa kinachotamaniwa na upande wa pili. Ushauri wa "pandeni mazao yasiyopendwa na wanyama" ni sahihi kwa mimea na si sahihi kwa tumbo, isipokuwa kijiji kizima kikubali kumpa mtu huyo kipande cha kulima chakula ndani zaidi, naye aache ukanda wa mpakani kwa pilipili au chai. Mapatano ya namna hiyo ni magumu. Yanahusu ardhi, na ardhi Uganda haizungumzwi kwa sauti ndogo.

Bwindi, nyumbani kwa sokwe wa milimani wanaojulikana kama gorila, upo mfano wa mzigo uliobebwa pamoja. Tangu mwaka 1998 wanakijiji wa maeneo yanayopakana na msitu wamefundishwa kuwafuatilia gorila waliotoka nje na kuwarudisha polepole, kwa kutembea nyuma yao na kupiga kelele za kiasi. Ni watu wa kujitolea, wanaopata mabuti, makoti ya mvua na chakula, na wanafanya kazi ambayo mwenye shamba akiwa peke yake angeifanya kwa hasira na mkuki. Kuna sababu nyingine ya kuwarudisha haraka: mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipata upele uliohusishwa na watu, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Mnyama anayeshinda bustanini huokota pia magonjwa yetu.

Wanyama wa gavumenti

Vijijini husemwa "wanyama wa gavumenti", na msemo huo umebeba sheria nusu. Wanyamapori nchini Uganda wanashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, na Mamlaka ya Wanyamapori, iliyoundwa mwaka 1996, ndiyo inayowasimamia. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ni kali: kwa wanyama walio hatarini kutoweka adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha au faini ya hadi shilingi bilioni 20. Sheria hiyohiyo haimfanyi mkosaji mtu aliyeua mnyama akiokoa uhai wake au wa mwenzake, ilimradi aripoti. Kulinda mahindi si kulinda uhai, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Nyani, tumbili na nguruwe pori wako katika kundi la wanyama waharibifu, ambao udhibiti wao ni jukumu la serikali za wilaya. Kwa vitendo inategemea kama wilaya ina ofisa wa kazi hiyo na kama ofisa ana mafuta ya pikipiki.

Jambo jipya katika sheria ya 2019 ni fidia. Kabla yake mkulima aliyepoteza shamba aliambulia pole. Sasa upo mfuko unaotengewa asilimia 2 ya mapato ya Mamlaka, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2022. Unahusu mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, au mali iliyoharibiwa, nje ya eneo la hifadhi, na wanyama wake wametajwa kwa majina katika jedwali: tembo, simba, chui, mamba, nyati, fisi, kiboko, gorila na sokwe mtu. Msomaji wa mpakani atagundua mara moja asiyekuwemo. Nyani, anayemaliza mahindi ya mchana kweupe kila msimu, hayumo, wala nguruwe pori. Sababu yake inaeleweka, kwani mfuko ungekauka kwa mwezi mmoja, lakini kwa mwenye shamba maana yake ni kwamba hasara ya mara moja ya kutisha ina fidia, na hasara ndogo ya kila siku haina.

Anayetaka kudai lazima awe na ushahidi, na ushahidi wa tembo ni mbichi kwa siku chache tu. Nyayo hufutwa na mvua, mahindi yaliyoangushwa hulishwa ng'ombe, na mwili wa marehemu huzikwa. Hivyo mwathirika atoe taarifa siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa walinzi wa hifadhi, apige picha za nyayo na za shamba lote kabla ya kugusa kitu, na kwa jeraha au kifo apate karatasi ya polisi na ya daktari. Madai hupitia kamati ya wanyamapori ya jamii na kisha kamati ya uhakiki kabla ya kuidhinishwa. Katika safari hiyo ndefu nyumba ya mwisho, yenye mtu asiyejua kusoma na asiye na nauli ya kwenda wilayani mara tatu, ndiyo rahisi kuangushwa njiani. Kijana mmoja wa kijiji mwenye simu nzuri na subira ya kujaza fomu, akipewa jukumu hilo rasmi, anaweza kuwa na faida kuliko semina nyingi.

Ipo pia fedha ya pamoja: asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi hurudishwa kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Fedha hiyo hupita wilayani na katika tarafa ndogo, na ni rahisi ikaishia kwenye darasa au barabara iliyo mbali na mpaka, vitu vizuri ambavyo tembo hawavipitii. Maoni yangu ni kwamba shilingi ya kwanza ya mgao huo ingeanzia kwenye mstari wa mwisho wa nyumba, na darasa lingefuata.

Bila hivyo watu hujihukumia. Mwezi Aprili 2018 simba 11, majike watatu na watoto wanane, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji ndani ya Queen Elizabeth. Siwatetei waliotega. Sumu kwenye mzoga haichagui, huua tai, fisi na mbwa wa kijiji, na inaweza kumfikia mtoto. Lakini ng'ombe mmoja ni karo, mahari na hospitali vikiwa katika ngozi moja, na zizi la matawi ya miba, ambalo ndilo mfugaji wa kawaida analolimudu, humchelewesha simba kwa dakika chache tu. Zizi lenye ukuta wa mbao nene, mlango unaofungwa na taa zinazomulika usiku lingegharimu sehemu ndogo sana ya kile ambacho watalii waliokuja kuwatazama simba wale wangeliacha nchini.

Mtaro ni wa nani

Vizuizi vinavyotumika mpakani ni vingi na hakuna kisicho na mlango wake. Katika hifadhi ya Mgahinga kuna ukuta wa mawe ya volkano unaowazuia nyati lakini si nyani. Bwindi na Kibale umepandwa ua wa miiba mikali, unaofaa mpaka pale unaponyauka au kukatwa na mtu anayetafuta njia ya mkato kwenda kuokota kuni. Kandokando ya hifadhi za Queen Elizabeth na Murchison Falls umejengwa uzio wa umeme, ambao kwa tembo ni dawa kali kuliko zote. Hata hivyo pembe ya tembo haipitishi umeme, na dume aliyeigundua siri hiyo husukuma nyaya kwa pembe au huangusha nguzo. Mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya humfukuza tembo kwa sababu tembo huogopa kuumwa ndani ya mkonga na kuzunguka macho, na mfugaji anavuna asali, lakini mzinga usio na nyuki ni boksi tu. Pilipili iliyochanganywa na kinyesi na kuchomwa polepole hutoa moshi ambao tembo huukwepa, mradi upepo ukubali.

Kinachopendwa zaidi na wanavijiji ni mtaro, wenye upana na kina cha mita mbili hivi, kwa sababu wanaweza kuuchimba wenyewe kwa majembe na hauhitaji fundi kutoka mbali. Tembo hawezi kuruka, kwa hiyo mtaro mzima ni ukuta kamili. Mvua za Machi hadi Mei huporomosha kingo zake, udongo hujaa chini, na tembo mwenyewe husaidia kwa kuukanyaga ukingo hadi upate mteremko. Palipobomoka hatua kumi, mtaro wa kilomita kumi umekuwa daraja lenye njia iliyonyooka kwenda kwenye mahindi.

Hatua hizo kumi mara nyingi hazina mwenyewe. Shamba ni la mtu aliyehamia Kampala akalikodisha; mkodishwaji anasema alikodi udongo wa kulima, si wa kuchimbua; mwenye shamba simu yake haipatikani; na walinzi wa hifadhi wanasema mtaro ulikabidhiwa kijiji tangu ulipokamilika. Jirani wa kulia na wa kushoto wamesafisha sehemu zao mpaka wakafika kwenye mpaka wa shamba lile, wakasimama. Katika daftari la LC 1, kabla mvua hazijaanza, ndipo inapotakiwa kuandikwa ni hatua ngapi za mtaro ziko kwa nani, ni siku gani kijiji chote kitashika majembe, pamoja na wale wa nyumba za nyuma ambao hawajawahi kumwona tembo, na ni nani atachimba sehemu ya yule asiyekuwepo na kulipwa kutoka mfuko upi.